Nakwenda Istanbul peke yangu kwa mara ya kwanza. Nyie yaliwapata yapi?

BintiNyegezi

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Mwezi ujao, Novemba, nakwenda Istanbul siku saba. Nina duka dogo la nguo za kina mama hapa Mwanza, na tulipanga twende wawili na dada yangu. Dada amejifungua wiki mbili zilizopita, mama na mtoto wazima namshukuru Mungu, ila tiketi yangu haibadiliki. Kwa hiyo ni mimi na begi langu.

Viza ninayo, hoteli nimelipia huko Laleli, siku tatu ni za kununua mzigo na zilizobaki ni zangu. Nje ya nchi nimewahi kufika Kampala tu, kwa basi, na tulikuwa wengi.

Majina ya hoteli na bei nimeshapata kwa wenzangu wa biashara. Ninachoomba ni visa vyenu. Mkiwa peke yenu kwenye mji wa watu, nini kiliharibika, na kitu gani kidogo kiliwafurahisha mpaka leo mnakisimulia? Wezi siwaogopi sana, nitajihadhari. Naogopa jioni. Kukaa mezani peke yangu, watu wananitazama ninavyokula, halafu saa moja usiku niko chumbani natazama ukuta.

---

Mgeni wa Üsküdar

Karibu sana dada. Mimi nasoma hapa, huu ni mwaka wa tatu.

Kwanza angalia tiketi yako imeandikwa uwanja gani. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa. Ule uliochukua nafasi ya Atatürk mwaka 2019 uko upande wa Ulaya, huko juu kaskazini. Wa pili, Sabiha Gökçen, uko upande wa Asia. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nakwenda Ankara kumwona rafiki. Nikapanda basi zaidi ya saa nzima, nikasimama mbele ya ubao wa safari, safari yangu haimo. Nilikuwa kwenye uwanja usio wangu. Dada wa dawati la maelezo alitazama tiketi, akanitazama usoni, akazunguka dawati akaniletea chupa ya maji kabla hajaniambia neno. Ndege ikaniacha. Nilikwenda na basi la usiku.

Ukishuka uwanja ule wa Ulaya, panda metro ya M11 mpaka Gayrettepe, badilisha uingie M2, shuka Vezneciler. Laleli ni mwendo wa miguu kutoka hapo. Kadi ya Istanbulkart inauzwa kwenye mashine, na hiyo moja inapanda metro, tramu, basi na vivuko. Mashine hairudishi chenji: ukitia noti kubwa, yote inaingia kwenye kadi.

Na mpiga kiwi akidondosha brashi mbele yako, mwonyeshe kwa kidole upite. Ukiiokota atasisitiza akusafishie viatu kwa kukushukuru, kisha atakudai pesa.

---

Mama Zawadi wa Kariakoo

Marahaba mwanangu. Hongera kwa dada, Mungu amkuzie.

Nimeitikia marahaba na nitaanzia hapo hapo. Nilikwenda Istanbul mara ya kwanza Novemba 2023, peke yangu, kutafuta nguo za watoto. Kijana wa mapokezi hotelini, makamo ya kitinda mimba wangu, ananiona tu naingia: "Merhaba." Nikanyamaza. Mimi mtu mzima, yeye ndiye wa kuniamkia, iweje aitikie na shikamoo hajatoa? Nikatoka, muuza maji, merhaba. Dukani, merhaba. Ilinichukua siku nzima kuelewa kwamba kwao hiyo ndiyo salamu, ya mkubwa na mdogo. Neno ni lile lile moja kutoka Uarabuni, kwetu limekaa kwenye jibu, kwao limekaa kwenye salamu. Kuanzia siku ya pili nikawa nawajibu "marahaba" kwa Kiswahili changu, na hakuna hata mmoja ambaye hakunielewa. Huwezi kuamini lile neno moja lilivyoniondolea woga.

Sasa Jumapili yangu. Nilikuwa nimeitunza mahsusi kwa ajili ya Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kale lenye paa, tangu nikiwa Dar nalisikia. Nikaoga, nikavaa vizuri, nikaenda. Lango limefungwa. Nikazunguka lango la pili, limefungwa. Mzee mmoja anafagia akaninyooshea kidole kwenye kalenda ya simu yake: Pazar. Jumapili soko halifunguliwi. Na Laleli nako maduka mengi ya jumla siku hiyo yanapumzika. Nilisimama pale mwanangu nikaona siku yangu imekufa, na machozi yalikuwa karibu, maana nilikuwa na siku tatu sijaongea na mtu zaidi ya bei.

Nikafuata tu njia inayopanda. Baada ya dakika kumi hivi nikatokea kwenye msikiti wa Süleymaniye, ule aliojenga msanifu Sinan kwa ajili ya Sultani Suleiman, ukakamilika 1557. Nikaswali upande wa wanawake. Ndani kuna utulivu ambao siwezi kukuandikia, zulia linameza nyayo, unasikia pumzi yako. Na wewe hata kama si Muislamu ingia, unaruhusiwa nje ya nyakati za sala, jifunge mtandio tu na viatu uvibebe. Nyuma yake kuna uwanja, ukisimama ukingoni unaiona Haliç, ule mkono wa bahari, yote chini, maji, madaraja, na mji wa ng'ambo umepanda kilima.

Mbele ya msikiti kuna mtaa wenye mikahawa imepangana, na unajua wanauza nini? Maharage. Wali na maharage! Meupe, makubwa, yamelainika mpaka yanapasuka ulimini, rojo la nyanya na siagi. Hayana nazi, hilo nililikosa, lakini unapewa achari na kitunguu kibichi pembeni. Nilikuwa nimekaa meza ya watu wanne peke yangu, hiyo hali unayoiogopa wewe, na mkahawa ukajaa. Mhudumu hakuniuliza. Alimleta bibi mmoja na mjukuu wake wa kama miaka sita akawakalisha mbele yangu. Yule bibi akanitazama, akatazama sahani yangu, akasema "Afiyet olsun." Nikasikia afya mle ndani. Alikuwa ananitakia afya kwa ninachokula. Hatukuwa na lugha nyingine zaidi ya hiyo. Lakini alipoona nimeacha achari, alinisogezea, akanionyesha kwa mkono wake: tonge, kisha achari. Nikafuata. Alikuwa na haki kabisa.

Kwa hiyo, mezani: nenda sehemu wanazokula wafanyakazi, saa ya kula, pakiwa pamejaa. Meza ya mtu mmoja kwenye hoteli tupu ndiyo inayouma.

Nilikuwa nimeambiwa baklava nzuri, ile tamutamu yao ya tabaka, iko Karaköy. Nikateremka mlima mpaka Eminönü, kwenye gati za vivuko, nikamuuliza mtu, akaninyooshea, nikagusisha kadi, nikapanda. Kivuko kama pantoni yetu ya Kigamboni, ila hakibebi magari, na juu kuna mabenchi ya mbao. Nikajua ni dakika tano. Tukatoka. Daraja la Galata lenye wale wavuvi wamepanga fimbo zao kama uzio likabaki nyuma, likawa dogo, na chombo kinazidi kwenda. Dakika kumi. Pande zote bahari. Moyo ukaanza kwenda mbio.

Karaköy ilikuwa ng'ambo ya lile daraja, ningevuka kwa miguu. Mimi nilikuwa nimesema Kadıköy. Kadıköy iko Asia.

Msichana mmoja pembeni yangu, mwanafunzi kwa begi lake, aliona ninavyoinuka na kukaa, inuka, kaa. Akafungua ramani kwenye simu, akaweka kidole chake tulipo, katikati ya buluu. Akanionyesha kwamba kivuko hicho hicho kinarudi. Kisha akamwita mtu wa chai anayepita na sinia. Chai ya rangi, kwenye glasi ndogo yenye kiuno, donge mbili za sukari kwenye kisahani. Upepo wa pale Novemba unakata, nikatoa kanga mkobani nikajitanda juu ya koti. Ilikuwa imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Yeye akaisoma herufi kwa herufi, maana wao nao wanatumia herufi hizi zetu, akaniuliza maana kwa programu ya kutafsiri. Ile programu ikampa mgeni kuwa "misafir". Nikamwambia kwetu kuna msafiri! Basi akacheka na mimi nikacheka. Sisi msafiri ni anayekwenda, wao misafir ni aliyefika.

Shakwe walikuwa wanafuata chombo, watu wanawarushia vipande vya simit, ile mikate ya duara yenye ufuta, na ndege anaidaka hewani karibu na mkono wako kabisa, unaona jicho lake la njano. Nilikaa Kadıköy mpaka jioni. Sokoni kuna samaki wamepangwa mashavu yamegeuzwa nje, mekundu, ili uone ni wabichi. Kuna mahindi ya kuchoma kwenye mikokoteni, nikatamani ndimu na pilipili. Saa kumi na mbili haijafika jua lilishazama, nikarudi na kivuko, mji wote taa, na adhana kutoka misikiti mingi zinapishana juu ya maji. Baklava sikula siku ile wala sikuikumbuka.

Ili usije ukakosea: *köy* ni kijiji, na *kadı* ni kadhi. Kwa kadhi ni ng'ambo ya bahari. Karaköy ni ya kutembea.

---

Mvita Huru

Mama hapo kwenye misafir umenikumbusha mbali. Mimi ni mtu wa Mombasa, nilikwenda mwaka jana kwa kozi ya wiki mbili. Maneno yetu yamejaa kule wallahi: *dükkân* duka, *hesap* hesabu, *haber* habari, *dünya* dunia, *sabun* sabuni. Ukitaka kulipa mkahawani sema "hesap" utaeleweka.

Kisa changu ni cha kinyozi. Niliingia kunyolewa ndevu, jioni, nimechoka. Yule bwana kamaliza, vizuri kabisa, halafu nikamwona anawasha moto kwenye kijiti chenye pamba. Nikadhani labda anasafisha vifaa. Mara moto uko sikioni! Pap, pap, pap, anapiga ule moto haraka haraka kuchoma vinyweleo vya sikio. Niliruka kwenye kiti, shuka la kunyolea likamwangushia chupa zake mbili, moja ikavunjika. Aibu ilinishika sana. Nikataka kulipa, akakataa katakata, akanikalisha tena taratibu kama mtoto, akafanya sikio la pili polepole zaidi huku mkono wake mwingine uko begani mwangu. Kisha taulo la moto usoni, kisha akanimiminia *kolonya* viganjani, ile marashi yao ya ndimu. Nikajipaka. Nikatoka barabarani baridi inapiga, uso wangu unanukia ndimu, nikatembea mpaka hotelini bila kuangalia ramani.

Hadi leo nikikamua ndimu nyumbani namkumbuka yule bwana. Kila mara, si maneno ya kusema tu.

---

BintiNyegezi

Shikamoo tena mama Zawadi, na asanteni nyote kwa kuniandikia. Nimesoma mara tatu, nimemsomea na dada akiwa ananyonyesha. Kaka wa Üsküdar, nimeangalia tiketi, ni ule uwanja wa Ulaya.

Mama, naomba swali moja. Kwenye manunuzi yenyewe je, ukiwa huna lugha na huna mwenzako wa kukushikia mzigo, uliwezaje? Huko ndiko naona nikikosea nitapoteza hela, si baklava.

---

Mama Zawadi wa Kariakoo

Marahaba mama.

Laleli hawauzi moja moja. Wanauza kwa *seri*, yaani pakiti ya saizi zote za nguo moja. Kwenye nguo za watoto seri inafuata umri. Ukiona bandiko la *toptan*, hiyo ni jumla, *perakende* ni rejareja. Bei wataandika kwenye kalkuleta, na wewe jibu kwenye kalkuleta. Kila duka omba karatasi ya ulichonunua na upige picha mzigo kabla haujafungwa. Mimi nilifanya hivyo na mzigo ulifika kamili.

Nilikokosea ni kwenye saa, na hili nakuomba ulisikilize maana wewe ni wa Mwanza na saa yako ni kama yangu.

Nilikuwa nimejifunza kuhesabu Kituruki kwa kupatana bei: bir, iki, üç. Nikajivunia. Yule bwana wa kusafirisha mizigo akaniuliza kesho nije lini kuupima mzigo. Nikamjibu kwa fahari, "Yarın, saat üç." Kesho, saa tatu. Saa tatu asubuhi, si ndiyo? Na "saat" si ndiyo saa?

Asubuhi yake nikaamka saa moja, nje giza tupu. Novemba kule jua linachelewa, na saa zao hazipishani na zetu hata dakika, kwa hiyo mwili wako unakwambia kumekucha na dirisha linakwambia usiku. Saa tatu kamili niko mlangoni pake na mabunda yangu manne, niliyoyaburuta mwenyewe kwa awamu mbili. Kumefungwa. Nikasubiri. Saa nne. Mvua ya rasharasha ikaanza, nikayafunika mabunda kwa ile kanga yangu, mimi nikalowa. Nikaanza kuwaza kwamba nimedhulumiwa, kwamba hela ya awali niliyompa imekwenda, kwamba ndege ni kesho yake.

Jirani yake alikuwa muuza vifungo na zipu, mzee wa ndevu nyeupe, duka jembamba kama korido. Akatoka na kigoda. Hakuniuliza mimi ni nani. Akakiweka ndani ya mlango wake, akaniita "abla", yaani dada, maana nao hawamwiti mtu kwa jina kavu, ni dada, kaka, shangazi, kama sisi. Akayavuta mabunda yangu mawili, hamali aliyekuwa anapita akavuta mengine. Chai ikaja. Nilikuwa natetemeka, glasi inagonga kisahani, akaishika kwa chini mpaka nikapiga funda la kwanza.

Kisha akampigia yule bwana simu. Nikasikia wanavyoongea, "üç, üç". Akanionyesha kwenye simu yake: 15:00. Saa tisa alasiri! Yule bwana hakuwa na kosa lolote, alikuwa anakuja saa tatu niliyomwambia mimi.

Nikaomba kalamu. Kwenye kipande cha boksi nikamchorea duara, nikachora jua linachomoza, nikaandika 12. Nikachora tena, saa moja baadaye, nikaandika 1. Mbili. Tatu. Nikajigusa kifuani: Tanzania. Yule mzee akakaa kimya anautazama mchoro, halafu akapiga paja lake. Akasema "alaturka!" na akachukua kalamu, akachora jua linazama, naye akaandika 12. Kwa programu ya simu akanieleza kwamba saa ya mfukoni ya babu yake ilihesabu hivyo, kuanzia magharibi, enzi za masultani. Waliiacha mwaka 1926 walipofuata saa ya Ulaya. Mwanangu, nimeishi miaka hamsini na mbili nikidhani saa hii ni yetu peke yetu.

Tulikaa mpaka saa nane na nusu. Nikamsaidia kupanga zipu kwa rangi, maana mikono ilikuwa haina kazi, na wateja wakiingia wananikuta mimi ndani wananipa merhaba kama mwenye duka. Yule wa mizigo alifika kabla ya wakati, anakimbia, mvua mabegani, anaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Tukapima. Kila kitu sawa.

Kwa hiyo wewe ukipanga muda na mtu, mwandikie kwenye simu kwa tarakimu, 09:00 au 15:00, muone wote wawili. Na chai wataleta ya pili, ya tatu, ya nne, bila kuuliza. Mimi sikujua namna ya kukataa, nikawa nakunywa tu mpaka yule mzee akanifundisha: ukitosheka, laza kijiko juu ya mdomo wa glasi.